Mara Kumi na Tisa Kabla ya Pleti

Kabla sijachora mshale hata mmoja kwenye mpango, nilikaa siku tatu nikihesabu kwenye chumba cha pleti cha kiwanda cha uchapaji, yaani chumba cha kuandalia bati za alumini zinazobeba picha ya kuchapwa. Kila mtu alipoigusa kazi, yaani alipofungua faili, alipoihamisha, alipoibadilisha jina, alipoitoa kwenye karatasi na kuikodolea macho, niliweka alama. Kijitabu kimoja cha kurasa 64 cha kufungwa kwa pini kiliguswa mara 19 tangu kilipoingia kwa barua pepe hadi pleti zake zilipovishwa kwenye silinda. Mwenye kiwanda alipoiona hesabu ile alifurahi. Aliona mara 19 za kuondolewa, na mimi niliona vivyo hivyo.

Wakati huo tulikuwa tunaachana na filamu. Kwa miaka mingi kurasa zilitoka kwenye filamu, zikapangwa kwa mkono juu ya meza ya mwanga, zikabandikwa kwa utepe, kisha zikachomwa kwenye pleti ndani ya fremu inayonyonya hewa. Sasa ilikuwa inakuja mashine ya leza inayochoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, ile ambayo mafundi tunaiita sitipi. Nilikabidhiwa kazi ya kupanga njia nzima: faili liingie upande mmoja, likaguliwe, lipangwe kurasa, lipite kwenye ripu, yaani programu inayogeuza kurasa kuwa nukta za kuchomwa, litokee kama pleti upande wa pili, mikono ikiwa michache iwezekanavyo.

Nilianzia mahali pabaya. Nilianza na mashine.

Swali la kwanza tulilojiuliza lilikuwa la leza. Kuna njia mbili kubwa. Moja ni leza ya zambarau, ya nanomita 405, ambayo pleti zake huathirika na mwanga wa kawaida, hivyo chumba kinahitaji taa za njano. Nyingine ni ya joto, ya nanomita 830, ambayo pleti zake unaweza kuzishika kwenye chumba chenye mwanga bila kuziharibu mara moja. Tulichagua ya joto, na sijutii. Nukta yake ama inachomeka ama haichomeki, haina katikati, kwa hiyo pleti ya asubuhi na ya jioni hufanana zaidi. Lakini tulijadili leza kwa majuma, na hakuna aliyeuliza habari za matundu.

Kila mashine ya ofseti, yaani ya kuchapa, ina pini zake za kushikia pleti, na matundu ya pleti lazima yaoane na pini hizo. Sisi tulikuwa na mashine mbili. Kubwa ilitumia pleti za unene wa milimita 0.30, ndogo ilitumia za milimita 0.15, na mpangilio wa matundu ulikuwa tofauti kabisa. Sitipi ilikuja na kitoboleo kimoja tu, cha ile kubwa. Pleti za mashine ndogo zikawa zinachomwa kwanza, kisha zinatobolewa kwa mkono. Leza inaweka picha mahali pake kwa usahihi wa ajabu, halafu mkono unakuja kutoboa kwa kukadiria. Rangi nne za wino, kila moja na pleti yake, hazikuwahi kukaa sawasawa kwenye mashine ile mpaka tulipopata kitoboleo cha pili, na hiyo ilichukua miezi.

Anayepanga ununuzi kama huu, ningemwomba afanye jambo moja dogo kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Achukue pleti moja iliyokwisha kutumika kutoka kila mashine, aziandike kwa kalamu nzito: upande wa gripa, yaani ukingo unaotangulia kuingia mashinani, ni huu, picha inaanza umbali huu kutoka ukingoni, inakunjwa hapa, matundu ni haya, unene ni huu. Aende nazo mkononi. Pleti iliyotumika inasema mambo ambayo karatasi ya maelezo ya mashine haiyasemi.

Baada ya hapo nikarudi kwenye faili. Wateja walikuwa wanaleta kila kitu: PDF za kila aina, kazi zilizotengenezwa kwenye programu za kuandikia barua, picha zilizochukuliwa mtandaoni. Tukaweka sharti la PDF/X-4, aina ya PDF ya kazi za uchapaji, ambayo inabeba uwazi wa tabaka bila kuuvunjavunja mapema, tofauti na PDF/X-1a iliyotangulia. Kisha tukaweka programu ya kukagua. Hapa ndipo nilipokutana na uamuzi mgumu kuliko wote katika mpango mzima: mashine irekebishe nini yenyewe, na isimame kwa nini?

Kishawishi ni kuiacha irekebishe kila kitu. Nilikubali kishawishi hicho kwa majuma mawili. Picha zenye rangi za skrini ziligeuzwa kuwa rangi za wino bila mtu kuziangalia. Kurasa zisizo na ziada ya milimita 3 ya kukatia zilivutwa kidogo ili zijaze. Mteja mmoja akarudishiwa kadi ambazo nembo yake ilikuwa imevutwa pamoja na ukurasa, na alikuwa na haki kabisa ya kukasirika. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja: mashine inaruhusiwa kurekebisha kile ambacho hakibadilishi alichokusudia mteja. Maandishi madogo meusi yaliyotengenezwa kwa rangi nne, inayageuza kuwa nyeusi tupu. Rangi maalumu moja, yaani wino wa pekee wenye pleti yake, iliyoandikwa kwa majina mawili yanayotofautiana herufi ya mwisho, inaiunganisha, la sivyo kazi ya rangi tano itatoa pleti sita. Ukingo usiotosha, picha yenye nukta chache, jumla ya wino inayopita kikomo cha karatasi: hapo inasimama, inamwita mtu.

Maandishi meupe yanastahili kutajwa peke yake. Mbunifu huandika kichwa cha habari kwa rangi nyeusi, anakipa agizo la kuchapwa juu ya rangi iliyo chini, baadaye anabadili mawazo na kukifanya cheupe, lakini lile agizo linabaki. Nyeupe haina wino. Kitu kisicho na wino kikichapwa juu ya rangi nyingine kinatoweka. Kwenye skrini kinaonekana vizuri, kwenye pleti hakipo. Tulipoteza kazi nzima kwa sababu hiyo, karatasi zote, kwa kuwa hapo mwanzo nilikuwa nimeondoa hatua ya mtu kuangalia matokeo ya ripu. Niliiona kama mguso wa bure. Ulikuwa miongoni mwa ile 19.

Sasa nije kwa Mzee. Fundi wetu wa pleti alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi ile tangu enzi za kamera kubwa na filamu, na sote tulimwita Mzee tu. Alipoambiwa mashine inakuja hakusema neno. Nilipokaa naye siku zile tatu za kuhesabu, nilimwona anachukua karatasi tupu za kazi ile ile, anazikunja, anaziingiza moja ndani ya nyingine, anazibana kwa vidole na kutazama ukingo. Nikaandika: mguso wa tano, kukunja karatasi. Sikumuuliza kwa nini.

Miezi kadhaa baadaye kijitabu cha kurasa 64 kilitoka kimekatwa hadi kwenye namba za kurasa za katikati. Karatasi 16 zilizokunjwa na kuingiana, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.1, zinausukuma ukurasa wa katikati nje kwa milimita 1.5 hivi. Kisu cha mwisho kinakata zote sawa, kwa hiyo kurasa za ndani zinapungua. Mzee alikuwa anazisogeza ndani miaka yote hiyo, kwa kuangalia unene wa karatasi yenyewe, na hakuna aliyewahi kumwandikia popote kwamba hiyo ni kazi yake. Programu ya kupanga kurasa inaweza kufanya hivyo vizuri sana, ila lazima uipe unene wa karatasi. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ile na sifuri.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia, “Binti yangu, uliandika nilichofanya. Hukuandika nilichokuwa natazama.” Nilirudi na daftari lile lile, tukapitia miguso yote 19 upya, na safari hii karibu na kila mmoja tukaandika swali ambalo mkono ule ulikuwa unalijibu. Mwingine haukujibu swali lolote; ulikuwa ni kuhamisha faili kutoka kompyuta hii kwenda ile. Huo tukaufuta kwa moyo mweupe. Lakini kumi na mmoja ulikuwa na swali ndani yake, na kila swali lilihitaji kupata mahali papya pa kukaa: ama ndani ya programu, ama kwenye fomu ya kazi, ama mikononi mwa mtu mwenye jina.

Mpango wa kweli ulianzia hapo, na nusu ya nilichokuwa nimejenga ilibidi nikibomoe.

Fomu ya kazi, kwa mfano. Tulikuwa tumenunua mfumo unaotumia JDF, lugha ya maagizo ya kazi iliyoanzishwa na Adobe, Agfa, Heidelberg na MAN Roland, kisha ikakabidhiwa kwa umoja wa CIP4 mwaka 2000. Niliamini kwamba vifaa viwili vinavyosoma JDF vitaelewana siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba kila kifaa kina lafudhi yake. Programu ya ofisini iliandika unene wa karatasi mahali ambapo programu ya kupanga kurasa haikuwa inatazama. Haikulalamika, iliendelea na sifuri. Ikabidi tukae na fomu moja ya kazi, tupitie kila kipengele, tuandike: kinazaliwa wapi, kinasomwa na nani, kisipokuwepo nini kinatokea. Hilo swali la tatu ndilo lililotuokoa. Kipengele kisipokuwepo, kazi isimame. Ni afadhali foleni isimame kwa dakika kumi kuliko kompyuta ijaze pengo kwa kukisia.

Folda za kupokelea nazo zilitufundisha kwa uchungu. Utaratibu ni rahisi: ukidondosha faili kwenye folda fulani, programu inalichukua na kuanza kazi. Sasa fikiria faili kubwa linalonakiliwa polepole. Programu inaliona limetokea, inalinyakua kabla halijamalizika kufika. Jedwali linalosema kila ukurasa uko wapi kwa kawaida hukaa mwishoni mwa PDF, kwa hiyo faili lililokatika halina ramani yake. Programu nyingi zitakataa, na hilo ni jema. Yetu ilikuwa na wema wa kupita kiasi: ilijaribu kulitengeneza, ikakusanya kurasa ilizozipata, ikaendelea. Kurasa zilizokosekana zikawa nyeupe kwenye mpangilio. Dawa ilikuwa ndogo mno. Faili linanakiliwa kwanza kwenye folda ya pembeni, likishafika lote ndipo linahamishiwa kwenye folda ya kazi, kitendo ambacho ndani ya diski moja hukamilika papo hapo. Na idadi ya kurasa zilizofika inalinganishwa na idadi iliyoandikwa kwenye fomu.

Mtandao nitautaja kwa ufupi, ingawa ulinikosesha usingizi. Pleti ya milimita 1030 kwa 800, kwa nukta 2400 kila inchi, ina nukta zaidi ya bilioni 7. Kabla ya kubanwa, faili lake ni karibu megabaiti 920, na kazi ya rangi nne inakaribia gigabaiti 3.7. Waya wetu wa zamani wa megabiti 100 ulihitaji zaidi ya dakika moja kusafirisha pleti moja hata kama hakuna mwingine anayeutumia, na wabunifu wote walikuwa wanautumia. Tulidhani sitipi ni mbovu kwa sababu ilikuwa inasimama katikati ya kazi. Ilikuwa inasubiri data. Tulibadilisha swichi na waya, tukaipa njia yake peke yake kutoka kwenye ripu, na ugonjwa ukaisha.

Kosa ambalo ningetamani kila mpangaji alijue ni la rangi.

Nukta ya asilimia 50 kwenye pleti, yaani inayofunika nusu ya eneo lake, haichapiki kama asilimia 50 kwenye karatasi. Wino unabanwa, unatanuka, karatasi inaunyonya, na nukta inakua. Ukuaji huo unatarajiwa, na viwango vya uchapaji vina lengo lake. Mashine yetu kubwa ilikuwa inaikuza nukta hiyo hadi asilimia 72, kupita lengo letu la 65 hivi. Kwa hiyo unatengeneza jedwali la fidia ndani ya ripu: panapotakiwa 50, choma 43, na karatasi italeta unachotaka. Mpaka hapo ni hesabu nyepesi.

Tatizo ni kwamba ripu ina sehemu zaidi ya moja za kuweka jedwali kama hilo. Moja ni ya kuifanya pleti yenyewe iwe sawa, kwamba ukiomba 50 upate 50. Nyingine ni ya kufidia mashine ya kuchapa. Aliyetufungia mfumo aliweka fidia ya mashine kwenye ile sehemu ya kwanza, kwa nia njema kabisa, ili tuanze kazi mapema, akaondoka. Mimi nikaja baadaye nikaiweka kwenye sehemu ya pili, mahali pake. Fidia ikapita mara mbili. Mahali pa 50 pakawa 36 au 37.

Haikuonekana mara moja. Nyuso za watu zilitoka zimepauka, kama waliotoka kitandani kwa homa. Mchapaji, akiwa anatimiza wajibu wake, akaongeza wino. Nyuso zikarudi kidogo, lakini sehemu za kivuli zikazibika, nywele zikawa donge jeusi, karatasi zikachelewa kukauka na kuchafuana migongo. Akalaumu wino. Wengine tukalaumu karatasi. Tuliishi hivyo kwa mwezi mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa uhakika kwamba pleti ziko sawa, kwa sababu kompyuta ilionyesha ziko sawa.

Mzee ndiye aliyeuliza mbona siku hizi hakuna anayepima pleti. Zamani alipima filamu kila asubuhi. Tulikuwa na kifaa cha kusomea nukta kwenye pleti, kilikuja na sitipi, kilikuwa bado kwenye boksi. Akakitoa. Pembeni mwa kila pleti ripu huweka ngazi ndogo ya vipimo isiyopitia fidia ya mashine, kwa hiyo 50 yake inapaswa kusomeka 50. Ilisomeka 43. Alinionyesha namba ile kimya, na nilielewa kila kitu nikiwa nimesimama pale pale.

Tangu hapo kila pleti ina ngazi mbili: moja tupu, nyingine iliyopitia fidia. Ya kwanza inaeleza habari za leza na dawa ya kusafishia pleti, ya pili inaeleza habari za jedwali. Zikisomwa pamoja, unajua tatizo liko chumba gani kabla hujamlaumu mtu. Majedwali yote yanakaa sehemu moja, yana tarehe na jina la karatasi, na anayebadilisha lolote anaandika sababu. Picha ikishageuzwa kuwa nukta za kuchomwa, haipo nafasi tena ya kuirekebisha, kwa hiyo lazima kila uamuzi wa rangi uwe umekwisha kufanyika na ujulikane umefanyika wapi.

Kuna na joto. Alumini hutanuka. Pleti ya mita moja ikipata nyuzi 5 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.12, na tofauti hiyo macho ya mchapaji huiona rangi zikikosa kukutana. Tulikuwa tunahifadhi pleti kwenye stoo ya baridi na kuzileta moja moja. Sasa pakiti inalala kwenye chumba cha sitipi usiku mzima kabla ya kuchomwa.

Data za wino ndizo zilizotupa furaha ya haraka kuliko zote. Ripu inatoa picha ndogo ya kila pleti kwa muundo wa CIP3, mashine ya kuchapa inaisoma na kufungua funguo za wino kulingana na kiasi kinachohitajika kila sehemu. Mchapaji wetu, aliyekuwa na kinyongo na mpango mzima tangu mwezi ule wa nyuso zilizopauka, aliona kazi inakaribia rangi yake baada ya karatasi chache tu. Akaja chumbani kwetu kushukuru, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini angalia: hilo lilifanya kazi kwa kuwa majedwali yalikuwa yamenyooka. Tungeliwasha mwezi uliotangulia, lingempa namba za uongo na angeacha kuliamini daima.

Leo kijitabu cha kurasa 64 kinaguswa mara saba. Nimeombwa mara kadhaa nipunguze hadi nne, na inawezekana, programu zipo. Kuna mitatu nimekataa kuigusa. Wa kwanza ni mtu kufungua matokeo ya ripu, yaani nukta zenyewe zitakazochomwa, na kuyapitia ukurasa kwa ukurasa. Wa pili ni kusoma zile ngazi mbili kwenye pleti ya kwanza ya kila zamu. Wa tatu ni wa Mzee. Amestaafu, na kijana aliyemfundisha ndiye anayekaa kwenye kiti chake. Kila kazi ya kufungwa kwa pini ikiingia, kijana yule anachukua karatasi tupu za kazi yenyewe, anazikunja, anaziingiza moja ndani ya nyingine, anazibana kwa vidole na kupima ukingo kwa rula. Kisha anaandika kipimo kile kwenye fomu, na kompyuta haiendelei mpaka akiandike.